Kochi Aliyeuliza Tunalala Wapi

Mpendwa Papa Kochi,

Wamenipigia simu kutoka Niania, kwa mwanao uliyehamia kwake ulipozeeka, wakaniambia hatuko nawe tena. Nimelia, halafu nikajikuta nacheka peke yangu jikoni, kwa sababu kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni lile swali lako. "Leo unalala wapi?" Mwanamume mwingine angewauliza hivyo wasichana wa miaka kumi na saba, mama zao wangemfuata na michi. Wewe ulituuliza kila Jumamosi kabla ya mechi, mmoja mmoja, na hakuna mama aliyekushuku.

Kwenye timu yetu ya basketi, wa kupandisha mpira tulikuwa watatu. Mimi nilitoka ng'ambo ya mto, saa nzima kwa miguu, na kule darajani kulikuwa na barieri, kizuizi cha wenye bunduki, iliyofungwa saa kumi na moja. Zawadi alikaa karibu na soko. Dorcas alikaa nyuma ya parokia, ukipiga chafya kiwanjani mama yake anakuitikia. Mechi ilianza saa tisa. Mimi nilicheza robo mbili za kwanza, Zawadi ya tatu, Dorcas ya mwisho. Kila Jumamosi ilikuwa hivyo, tushinde tusishinde.

Na mara nyingi hatukushinda. Nisijifiche, Papa, mimi ndiye niliyekuwa bora. Dorcas alikuwa na moyo mzuri na mikono ya siagi, mpira ulimteleza. Nilikuwa natolewa tukiongoza, navalishwa sweta, nasukumwa njiani na msichana mmoja mkubwa wa kunisindikiza hadi darajani, na nyuma yangu nasikia watu wakishangilia timu nyingine. Watu walisema unampendelea Dorcas kwa kuwa ni wa kabila lako. Vita vya makabila vilikuwa vimeugawa mji, hata kisima kilikuwa na kabila. Mimi niliamini. Nilikuchukia vizuri sana, kwa miezi minne.

Dorcas mwenyewe ndiye aliyenifungua macho, akifunga kamba za viatu. "Weye unakasirika bure," alisema. "Kochi haangalie mupira. Anaangalia fasi unalala."

Yaani uliangalia mahali tunapolala, wa mbali atoke mapema. Mtu mwenye akili angeshangaa pale pale. Mimi niliona mlango wa kucheza hadi mwisho. Jumamosi iliyofuata ulipouliza, nikakujibu bila kupepesa: "Leo nalala kwa tantine, hapa nyuma ya kiwanja." Ulinitazama kidogo, ukasema, "Ni muzuri. Basi utamaliza." Nikacheza dakika kumi za mwisho kwa mara ya kwanza katika vita vile. Tulishinda kwa pointi moja, na nilibebwa mabegani. Sikuwa na pa kulala. Tantine, mdogo wa mama, alikuwa amekimbilia Beni mwezi mmoja kabla.

Nilikimbia hadi darajani nikakuta barieri imefungwa. Wale walikuwa watu wa upande wangu, lakini wa kutoka vijijini, hawakunijua. Walisema nimetumwa kupeleleza. Wakanikalisha kwenye tofali, mmoja akisema nipelekwe kwa mkubwa wao, mwingine akisema kazi ya nini kunipeleka mbali. Sikuweza hata kulia, nilikuwa nimekauka.

Ndipo nikakuona unakuja barabarani, peke yako, na fulana yako ya mazoezi. Baadaye nilijua kwamba kila baada ya mechi ulikuwa unapita kuhakikisha kila mmoja wetu amefika. Ulipita kwa tantine, ukakuta kufuli, jirani akakwambia. Ungeweza kurudi nyumbani. Pale darajani jina lako tu lingetosha kukumaliza, na ulilijua hilo kuliko mimi.

"Weye muzee, unatafuta nini huku?"

"Natafuta mutoto yangu. Njo huyu."

"Karte yako iko wapi?" Alitaka kitambulisho, chenye jina lako.

"Nimeiacha ku nyumba. Batoto ya leo banatukimbiza bila karte."

Mmoja alicheka. Mpaka leo sielewi ulitoa wapi utani huo. Walichukua saa yako na viatu vyako, wakatuambia tupite. Njia ya kurudi kwako ilikuwa imefungwa, kwa hiyo ilibidi uje kwetu, mahali ambapo mtu wa kabila lako hakuwa ameonekana tangu mwaka uanze.

Ulikaa kwetu siku tatu. Mama aliwaambia majirani ni mjomba wake kutoka Boga. Baba yangu, aliyekuwa hataki hata mtu ataje watu wako mezani, alikupa kitanda chake akalala kwenye mkeka, na asubuhi nilimkuta anakupimisha viatu vyake. Mlizungumza habari za ng'ombe. Siku ya nne gari la padri lilipita, ukapanda, ukaenda.

Nilijua nimefukuzwa. Hata hivyo Jumamosi nilikuja, nikasimama mwisho wa mstari nikiangalia saruji ya kiwanja. Ulifika kwangu ukauliza kama kawaida. Nikasema, ng'ambo ya mto. Ukasema, "Basi utaanza, utatoka ku mi-temps." Robo mbili za kwanza, kama zamani. Ukapita. Hukuuliza mara mbili wala hukutuma mtu kuchunguza. Baada ya uongo ule, Papa, uliniamini! Hukumwambia mtu, na wenzangu mpaka leo wanadhani viatu viliibwa parokiani.

Sasa ninafundisha wasichana kwenye kiwanja kile kile. Juzi nilimtoa aliye bora tukiongoza, kwa sababu goti lilikuwa linamsumbua na alikuwa ananificha. Tulifungwa. Wazazi walinitukana, na usiku wote moyo ulikuwa unaniuma. Mechi moja tu. Wewe ulifanya hivyo kila Jumamosi, ukiitwa mkabila, na hukufungua mdomo kujitetea. Najaribu kupima moyo wa namna hiyo na sipati kipimo. Ninakustaajabia, Papa, na nikikufikiria nasimama wima hata nikiwa peke yangu.

Lakini kuna jambo sikuwahi kulisema. Nilidhani nikicheza kwa bidii utaelewa, miaka ikapita, ukahama, nikawa nakusalimia kwa simu sikukuu zikifika, tunaongea habari za mvua. Sikukuomba msamaha hata mara moja. Ningeweza kukuua kwa ajili ya dakika kumi.

Nisamehe. Nilikudanganya ili nicheze, na wewe ukaja.

Lala salama, Papa.

Mwanao