Pumzi Mbili kwa Kila Mtu

Yaya Mado, dada yangu mukubwa, wewe na batoto muko wazima?

Mi nakuandikia ndani ya treni. Nilikuwa nafundisha bamama wa behewa letu kupiga harmonika, kile kinanda cha mudomo: kila mtu pumzi mbili, kisha anapitisha. Tulicheka, mara ya kwanza tangu wenyeji watufukuze Kolwezi, eti sisi si wa kwao. Lakini treni iliposimama stesheni ya Mutshatsha, vijana wenye mapanga wakagonga mlango: "Munafurahia nini? Mupige tena! Mukinyamaza, tunaingia!"

Zamu ya mama mukwe ikafika, kwa woga hakuweza kupuliza. Nikamwambia, "Vuta tu, mama, hata ukivuta inalia." Akavuta. Tukapitisha, tukapitisha, mupaka treni ikaondoka.

Yaya, usingoje wakugongee na wewe huko Kolwezi. Valisha batoto viatu, upande treni ya kwanza. Nakukumbatia kwa nguvu.

Mudogo wako, Béa