Soksi Iliyochuja Asali

Itigi, Jumamosi, saa nane mchana.

Jua limekaa juu ya bati kama mgeni asiyejua kuaga. Upepo hakuna. Nimelala chumbani, mguu wa kushoto nimeupandisha juu ya debe tupu, na suruali ndefu nimeivaa humu humu kitandani kama bwana harusi.

Suruali ina kazi yake. Inaficha.

Daftari langu la hewani, humu kwenye simu, leo utani umeniishia. Nimeutafuta tangu asubuhi, nimepata mmoja tu, nao unauma. Nitauandika huko chini.

Mguu umevimba. Ulianza Jumatano kwenye kifundo, nikasema ni joto. Alhamisi ukapanda. Leo shavu la mguu limeumuka kama unga wa maandazi uliosahauliwa juani, ngozi inang'aa, ina moto. Nikibonyeza kwa dole gumba, shimo linabaki pale pale linaniangalia. Nimehesabu mpaka ishirini, bado lipo.

Wiki tano zilizopita binti yangu Upendo alinipeleka hospitali, huko mjini anakoishi, wakanitibu ile mishipa yangu ya mguu iliyojikunja kama minyoo. Miaka yangu mingi nilisimama kwenye genge la mafundi wa reli, iliyobaki nikasimama kwenye mizinga ya nyuki. Mishipa ikachoka kabla ya mwenyewe. Daktari, kijana mwenye shikamoo nyingi, akanivalisha soksi ndefu ya kubana, rangi ya Mzungu, mpaka gotini. Akasema, "Mzee, soksi hii ni nusu ya matibabu. Mchana usiivue. Na ukiona mguu umevimba na shavu linauma, usingoje kesho, njoo siku hiyo hiyo. Damu inaweza kuganda, ikapanda mapafuni."

Nikamjibu, "Sawa, daktari. Na gauni lake mtanipa lini?" Manesi wakacheka. Nilipenda walivyocheka.

Sasa ngoja nikiri.

Wiki mbili zilizopita nilirina asali kwenye mizinga ya karibu. Kitambaa cha kuchujia nikakikuta kimetoboka. Nikaangalia kitambaa, nikaangalia mguu. Shetani siku hizi akitaka kunijaribu hatumii wanawake tena, anatumia soksi. Nikaivua, nikaifua kwa sabuni mara mbili, maana si mshenzi kiasi hicho, nikaifunga mdomoni mwa ndoo. Asali ikashuka safi kama chai ya rangi. Tangu nizaliwe sijachuja asali ya namna ile.

Tatizo likawa nta. Nta haisikii maji baridi. Nikachemsha maji, nikaitumbukiza soksi humo. Ilipotoka ilikuwa imelegea kama tambi. Nikiivaa inashuka yenyewe mpaka kifundoni, imechoka kama mimi.

Mke wangu, Mama Upendo, hajui. Asali ile anaitia kwenye chai kila asubuhi. Jana kalamba kijiko, akaniambia, "Baba Upendo, safari hii umechuja. Kumbe uzee nao unaleta akili!" Nikasema ahsante, nikasogeza chai yangu pembeni.

Na Upendo hupiga simu kila jioni. "Soksi umevaa, baba?" "Nimevaa, mwanangu, imenibana mpaka naona haya." Wiki mbili nzima namjibu hivyo.

Ndiyo maana sijaenda hospitali. Si kwamba sijui. Daktari alinieleza kwa Kiswahili, tena polepole. Lakini nikienda wataniambia, nyoosha mguu, mzee, soksi iko wapi? Nami niseme nini mbele ya wale manesi?

Aibu imenilaza hapa siku tatu.

Ule utani ndio huu. Jirani yangu mzee Athumani alikatwa mguu wa kulia kwa ajili ya sukari. Leo nimewaza, nami nikikatwa huu wa kushoto, tutanunua jozi moja ya viatu, tugawane. Nikacheka peke yangu. Halafu kicheko kikageuka, nikauma shuka ili Mama Upendo asisikie.

Naogopa. Nimewahi kuumwa na nyuki mpaka macho yakafumba, nikaogopa kidogo tu. Sasa nikikohoa naweka mkono kifuani, nasikiliza: ndilo hilo bonge la damu linapanda?

Mama Upendo yuko uani, anajaza asali kwenye chupa huku anaimba. Nimefungua mdomo mara tatu nimuite nimweleze. Mara zote tatu nimeishia kuomba maji. Sasa nimejaa maji, na choo kiko mbali.

Basi nimepata njia ya mwoga. Daftari hili alinifungulia Upendo mwenyewe, ili nipunguze kumsumbua kwa simu. Kila nikiandika kitu simu yake inamwambia, na husoma hata akiwa kazini. Nikibonyeza hapa chini atajua. Dakika mbili baadaye atampigia mama yake, nami nitasikia wimbo ukikatika huko uani. Halafu nitasikia jina langu la ubatizo, ambalo humu ndani hutumika siku za vita tu.

Upendo, baba yako amekudanganya. Soksi ilichuja asali. Mguu umevimba, shavu linauma, na nimengoja siku tatu. Mwambie mama yako aite bajaji sasa hivi, si pikipiki, mguu haukunjiki. Na ile chupa niliyokutumia juzi, mwanangu, ni ya ndoo ile ile. Samahani.

Watu husema kesho nayo ni siku. Kweli, siku zipo. Mguu wa kushoto ninao huu mmoja.

Nabonyeza.