Baba Yuko Ghorofa ya Pili

Lipovka, 3 Oktoba 1977

Mwanangu Taisia,

Hujambo mama? Mimi mzima, ila miguu inanigomea tangu baridi ianze. Uyoga nimeshautia chumvi, wako nimekuwekea.

Jana redioni wametangaza kifo cha Vikenti Suslonov, yule mchoraji aliyekaa kwetu kiangazi kimoja ulipokuwa mchanga. Alichora watu wakifua, wakigombana dukani, kila kitu. Wamesema picha zake ziko makumbusho ya Berezhansk, huko huko kwenu. Mwanangu, alimchora baba yako pamoja na wanaume waliokuwa wakitengeneza kivuko. Unajua tangu nyumba iungue sina hata picha moja ya Nikifor, na wewe huikumbuki sura yake, maana alikufa kabla hujaanza kutembea. Nenda ukamtazame.

Mama yako

*

Berezhansk, 20 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Ipake ile dawa, usiitunze kabatini.

Nimekwenda. Ukumbi wa chini wote ni majenerali na farasi. Nikamuuliza bibi mlinzi, akasema, “Suslonov? Panda ghorofa ya pili, chumba cha mwisho. Wengi huchoka kabla hawajafika.” Nikawakuta wanawake wanagombea kabichi, mzee anatoka bafu la mvuke, mwekundu kama kiazisukari, halafu kivuko chetu! Baba nilimjua palepale: mrefu, masharubu, shoka begani. Nililia mpaka yule bibi akaniletea kiti.

Mama, mbona hukuniambia kwamba baba alikuwa mzuri vile?

Mwanao Taisia

*

Lipovka, 1 Novemba

Taisia wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka jirani Glafira akagonga ukuta kuuliza kama nimepatwa na wazimu. Mwenye shoka ni mjomba wako Arkadi! Shoka lenyewe aliliazima aliposikia mchoraji anakuja. Maishani mwake hajapasua hata ukuni mmoja.

Baba yako yuko nyuma, amekalia ndoo, anawamenyea wenzake viazi. Nilimwambia, “Nikifor, simama nawe uchorwe!” Akanijibu, “Nikisimama, hawa watakula nini?” Mtazame masikio, yametokeza kama vishikio vya sufuria. Hayo unayoyaficha kwa kitambaa umeyatoa kwake. Rudi, mwanangu, usimlilie Arkadi bure.

Mama yako

*

Berezhansk, 19 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimerudi. Nilikuwa nimempita kabisa! Bibi mlinzi akaniuliza, “Leo tena unamlilia nani?” Nikamwonyesha. Akamtazama yeye, akanitazama mimi, akasema, “Kha! Hata usingesema ningejua!”

Lakini mama, kisu kiko kwenye kiazi, macho hayapo. Anatazama kikapu kilicho miguuni pake, na kikapuni kunatokeza kijikono. Ni mimi?

Miaka yote hii nilidhani nina baba wa kusimuliwa tu. Asante kwa kunituma, na kwa kunirudisha. Njoo umwone. Ngazi tutapanda pole pole.

Mwanao Taisia

*

Lipovka, 12 Desemba

Mwanangu mpenzi,

Nimefika nyumbani salama. Mtoto wa Glafira alinisubiri kituoni na gari la maziwa, nikaletwa mpaka mlangoni kama mke wa mkurugenzi. Miguu imevimba, na iache ivimbe.

Kule makumbusho nilikuwa namtazama baba yako tu, basi lile swali lako la kijikono nakujibu sasa. Ndiyo, ni wewe. Mimi nilikuwa mtoni nafua, na wewe hukutaka kulala ila karibu naye. Mungu amrehemu Suslonov kwa kuliona hilo.

Nakushukuru kwa mkono wako ngazini, na kwa kutoka nje kidogo ukituacha wawili. Nilimweleza yote: moto, nyumba mpya, wewe ulivyosomea uuguzi. Nikaongea weee, kisha ghafla nikaona haya. Taisia, mwenzangu bado kijana! Basi na uzee wangu huu, nikageukia dirishani, nikafunga upya kitambaa changu, nikazirudisha mvi ndani, ndipo nikamgeukia tena.

Mama yako Pelageya