Magunia Kando ya Gari Lako

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si hata kwenye maombi. Nimekuwa nikiandika kwa jina lako.

Simu yako ninayo mimi. Baada ya mazishi Mama hakuweza kuvumilia kuisikia ikilia, akaniambia niizime niiweke kabatini. Niliizima kweli, siku mbili. Siku ya tatu niliiwasha ili nitazame picha zako, nikakuta lile grupu lenu la wenye magari ya spoti, nyinyi mnaojiita Watu wa Chini kwa sababu magari yenu yanagusa ardhi. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba umefariki. Walikuwa hawajawahi kukuona uso, walikujua tu kama Mzee wa Eldoret anayejibu maswali. Kijana mmoja wa Thika alikuwa amekuuliza kwa nini gari lake linatoa moshi wa bluu kila akifika nyumbani, na swali lilikuwa limekaa pale siku nne bila jibu.

Jibu nililijua. Liko kwenye daftari lako la gari, ukurasa wenye doa la oili. Nikaandika kama ulivyoandika wewe: usizime injini ikiwa bado inahema. Ukishafika, iache ingurume polepole dakika mbili, turbo ipoe, ndipo uzime. Akajibu, "Asante Mzee, ulikuwa umepotea, tulidhani umetutoroka."

Baba, nilipaswa kumwambia palepale. Sikumwambia. Mimi ambaye darasani nikiitwa jina sauti yangu inaishia dawati la kwanza, hapo nilikuwa Mzee. Watu wazima wenye kazi zao walikuwa wakiniuliza na kunishukuru. Basi nikaendelea. Ulituacha mahindi yakiwa magotini, sasa mahindi yameshavunwa, na wewe kwenye hiyo simu bado unajibu. Hiyo ndiyo siri yangu. Nisamehe, au nikasirikie, maana mimi mwenyewe nimejaa hasira na sitaki kukaa nayo peke yangu.

Hasira yangu ni juu ya Anko Kiprono. Ndugu yako.

Unakumbuka ulipolileta gari kutoka Nakuru likivutwa, alivyokuja hapa mtaani kwetu West Indies kulizunguka akiwa ameweka mikono nyuma? Akasema, "Mwalimu amenunua kiatu." Watu walicheka mpaka majirani wakatoka. Mwalimu wa fizikia mwenye ng'ombe na shamba kule kijijini Soy, ananunua gari la viti viwili lisiloweza kubeba hata kibuyu cha maziwa. Kila Krismasi alirudia hicho kichekesho. Wewe ulitabasamu tu na kumwongezea chai.

Wiki moja baada ya kukuzika alikiingia hicho kiatu. Aliketi kwenye kiti chako bila hata kukirekebisha, akawasha, na kabla mshale wa joto haujasogea akakanyaga mafuta mpaka mwisho ili wale vijana wake wa shambani wasikie. Injini ililia kama ng'ombe anayechinjwa vibaya. Kisha akazima papo hapo. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na sufuria mkononi. Kila kitu ulichonifundisha kutofanya alikifanya kwa dakika moja, akashuka akisema, "Iko sawa hii, marehemu alikuwa anaidekeza tu."

Kuidekeza. Wewe ulikuwa unaniambia, "Huyu ni kama ng'ombe wa gredi, Chebet. Ukimfanyia haraka hakupi maziwa." Asubuhi tulikuwa tunaliwasha na kungoja, unaniuliza mambo ya shule wakati mshale unapanda. Nadhani hata hukuwa unangoja injini. Ulijua kwamba mimi huwa naongea nikiwa natazama kitu kingine.

Halafu akaliendesha mpaka Soy na kurudi. Ile bampu ya kona ya duka, wewe ulikuwa unaiingia upande, gurudumu moja kwanza, polepole, hata kama nyuma wanapiga honi. Yeye aliivaa wima. Nilisikia tumbo la gari likikwaruza nikiwa ndani ya nyumba. Aliporudi akalifunika na turubai la plastiki, eti anakusaidia kulihifadhi. Baba, plastiki. Ulishona lile funiko la kitambaa mwenyewe, kwa cherehani ya Mama, ukanieleza kwamba mvua ya huku haiozeshi gari kwa juu, inaliozesha kwa jasho linalokosa mahali pa kutokea. Kitambaa chako sasa wanaanikia maharagwe.

Hayo yote niliyanyamazia. Najua kunyamaza, nimerithi.

Lakini mwezi uliopita alikuja na trekta na mahindi ya Soy. Stoo yake ilikuwa imejaa. Akamwambia Mama kwamba gereji imekaa bure. Mama alisema kuna gari mle. Akasema, "Gari inakula nini? Si imesimama tu?" Vijana wakapanga magunia kuanzia ukutani mpaka yakagusa mlango wa gari, mengine yakalala juu ya boneti. Juu ya boneti, Baba, mahali uliponikataza hata kuweka kikombe.

Mtu yeyote aliyezaliwa Uasin Gishu anajua kinachofuata mahindi. Anko ni mkulima, ana paka watatu kwenye stoo yake kwa sababu hiyohiyo. Ila hakufikiria kabisa kwamba panya akimaliza kuonja gunia atatafuta mahali pa kulala, na kwamba chini ya boneti kuna giza, kuna ujotojoto, na kuna waya nyingi laini za kutafuna. Kwake panya ni shida ya mahindi tu. Aliweka dawa kwenye magunia akaondoka.

Juzi nilisogeza magunia mawili nikafungua boneti. Harufu ilinifikia kabla sijashika tochi. Wameng'oa ile sponji ya kuzuia joto wakatengeneza kiota juu ya injini, na mabua ndani yake. Waya za upande wa kushoto zimebaki shaba tupu. Na ule mpira wa kupitishia petroli, uliokuwa umeubadilisha mwaka jana huku nikikushikia tochi, umetafunwa mpaka umebaki mwembamba kama karatasi, una unyevu, na kwenye kona unadondosha. Tone moja, kisha unangoja, kisha tone lingine. Chini yake ndipo zile waya zilizo uchi zinapita.

Wewe ndiye ulinifundisha kunusa kwanza. Hukuwahi kuweka ufunguo bila kuinama mbele ya gari na kunusa, hata siku tulipokuwa tumechelewa kanisani na Mama amekasirika. Nilinusa, nikafungua mlango wa gereji wote, nikahesabu siku zilizobaki.

Kwa sababu kesho ni harusi ya Kimutai. Mwana wa Anko, binamu yangu yuleyule aliyekuwa ananibeba mgongoni kupita matope. Anko ameamua bwana harusi atapelekwa kwa kina bibi harusi, Moi's Bridge, ndani ya gari lako. Ameshanunua utepe. Hata hajafikiria kwamba lina viti viwili na wakirudi yule msichana ataketi wapi. Leo jioni anakuja na fundi na betri ya trekta ili waliwashe.

Nilimwambia Mama. Alikuwa anachambua mboga, akafunga macho, akasema, "Mpigie Anko wako. Mimi mambo ya hiyo gari siyawezi." Nikampigia. Unajua simu na mimi. Nilisema shikamoo, nikasema gari lina harufu ya petroli, na kabla sijafika kwenye panya akacheka. "Wewe msichana, petroli ndiyo chakula ya gari. Ulitaka inuke uji?" Kisha akanituma nimwambie Mama idadi ya viti vya kukodi. Nami nikasema sawa, Anko. Hasira yangu kubwa kuliko zote ni hiyo sawa.

Basi nikakimbilia mahali ninapoweza kuongea. Niliandika kwenye grupu, kwa jina lako, nikaeleza kila kitu: panya, mpira, waya, harusi. Yule mama wa Kisumu mwenye gari la njano alijibu kwanza. Akasema, "Mzee, usiguse ufunguo. Toa huo mpira, weka mpya na klipu mpya, funga waya, halafu mtu asimame kando na mtungi wa kuzimia moto. Si ni wewe ulitufundisha hivyo?" Wengine wakaunga mkono. Halafu yule kijana wa Thika akaandika, "Lakini Mzee, gari ni yako. Kwani hapo nyumbani ni nani anakushinda kusema hapana?"

Ningemjibu nini? Kwamba Mzee amekufa, na anayemjibu ni msichana wa kidato cha tatu aliyejificha bafuni na simu ya baba yake?

Asubuhi hii nikafanya jambo lingine la kujificha. Nilitoa fyuzi ya pampu ya petroli, kama ulivyokuwa ukifanya tukisafiri na kuliacha nyumbani, lisiibwe. Nikaiweka kwenye soksi yangu nikajiona mjanja sana. Gari halitawaka, Anko atakasirika, Kimutai atapelekwa na pikapu, na mimi sitakuwa nimefungua mdomo. Nilikaa na huo ujanja kama saa moja. Kisha nikamfikiria fundi wake. Ni yule aliyetengeneza trekta kwa kuviringisha ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, ukakataa kabisa asiguse hata tairi yako. Akiona fyuzi haipo hatauliza ilienda wapi. Atachomeka kipande cha waya. Na hapo, wakiwasha, hakutakuwa na kitu cha kukata moto wa umeme hata kidogo. Nilikuwa nimeliongezea gari hatari kwa sababu ya aibu yangu.

Nimeirudisha. Sasa umebaki mdomo tu.

Na hapa nina neno na wewe pia, Baba, maana nimechoka kukulilia kama vile hukuwa na kosa. Kila mgeni aliyekuja gereji ulimwambia, "Huyu ananishikia tochi." Mimi ndiye niliyefunga zile klipu za mpira wa petroli. Mimi ndiye niliyegundua kwamba breki ya nyuma kulia inashika, kwa kugusa tu rimu baada ya safari na kuhisi ina joto kuliko zingine. Uliniambia tukiwa wawili kwamba nina mikono mizuri. Mbele ya Anko ulisema natazama tu. Najua ulifikiri unanilinda, kwamba wangenicheka kama walivyokucheka wewe. Lakini sasa umeondoka na wao wanachojua ni kwamba mimi ni wa tochi. Ukaniachia daftari, ukaniachia pua, hukuniachia mtu hata mmoja wa kuniamini. Nilitaka kukuambia hili hospitalini na nikaogopa kukuchosha.

Nakukumbuka lakini. Nakukumbuka ukiwa umelala chini ya gari, miguu tu inaonekana, unaniomba spana namba kumi na mbili na mimi tayari nimeishika. Nakukumbuka Jumapili tukirudi na vioo viko chini, Mama nyumbani kwa sababu hakukuwa na kiti cha tatu, na wewe unasema tumwambie tuliendesha polepole. Tuliendesha polepole kweli. Hukuwahi kushindana na mtu. Watu walidhani mwenye gari kama lile lazima awe na fujo.

Kwa hiyo nakuaga, Baba, na safari hii nakuaga vizuri, kwa sababu siku ya mazishi walinipa shada la maua niliweke na nikakimbia. Lala. Usijibu tena maswali ya watu, nitawaambia mimi. Nitaandika kwenye grupu kwa jina langu kwamba Mzee wa Eldoret alifariki, na kama watanitoa, wanitoe. Nakuahidi Jumatatu nitaingia mwenyewe duka la spea na kuomba mpira wa petroli, si ule wa maji, na muuzaji akiuliza nimetumwa na nani nitasema sijatumwa. Magunia yatatoka hata kama nitayaburuta moja moja. Na Kimutai hataketi ndani ya hilo gari kesho. Hilo nakuahidi kabla ya yote. Nitamshika Anko mkono nimpeleke ainame anuse, na nikishindwa kuongea nitasimama mbele ya boneti mpaka sauti ije.

Trekta imeingia. Naisikia hapo nje ikizimwa. Gambuti zake ziko kwenye veranda, anazikung'uta matope, anamwuliza Mama ufunguo wa ile gari uko wapi na kwa nini gereji iko wazi.

Namsikia Mama akiweka sufuria chini.

Sasa anasema, "Muulize Chebet. Yeye ndiye anaijua."

Baba, anakuja huku. Hatua zake ziko koridoni. Hii karatasi nitaikunja niisukume chini ya godoro, ni yetu wawili. Amegonga. Niko hapa, Anko, na ufunguo sikupi mpaka uiname unuse.