Jogoo Wako Amenishika Sikio

Mama Kulwa, mke wangu,

Mimi mzima, ila sikio la kushoto limefungwa kitambaa. Jana huku Geita mzungu wangu mpimaji, huyu ninayempikia, aliacha chakula changu jikoni, akanipeleka ziwani nimpigie kasia, mimi ambaye maji niyajuayo ni ya mtungi. Kwao huvua samaki aitwaye trauti kwa inzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya. Huku trauti hakuna, basi anawasumbua sato. Husimama mtumbwini akirusha uzi nyuma na mbele kama anachapa ng'ombe.

Mara kiboko akaibuka karibu nasi, nikaziona nywele za mdomo wake! Mzungu akashtuka, uzi ukarudi nyuma, ndoana ikaninasa sikio.

"Baba Kulwa, usitikisike!"

"Bwana, sitikisiki, ni mtumbwi unaotetemeka!"

Kuruka siwezi, sikio liko kwake. Nikawaomba mababu wote, hata baba yako ambaye hakunipenda. Kiboko akapumua, akazama. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana hatukujua yuko wapi. Nilipiga kasia polepole, nikingoja kuinuliwa kutoka chini, mpaka tukagusa tope.

Sasa nikiri. Manyoya yale niliyanyofoa mkiani mwa jogoo wako mwekundu nilipokuja likizo, nimletee mzungu, nawe ukamlaani kicheche wa watu. Wasalimie Kulwa na Doto. Mungu akulinde na ulimi wako mkali, nimeukosa. Jogoo usimchinje. Nikifika nitampa shikamoo kabla sijaingia ndani.

Mumeo,
Baba Kulwa