Ukuta wa Kona na Mzee Honi

Dada yangu mpendwa,

Habari za huko na za kazi? Mgongo umeacha kukusumbua, na shemeji bado anakoroma? Sisi huku wazima, mama mzima, na mimi ndiyo usiseme, maana mdogo wako ana bahati ya kugawia mtaa mzima na ikabaki. Kibali cha ukuta kimetoka. Niliingia pale halmashauri na lile shati langu la bluu, jalada letu likawa la kwanza mezani, karani akanitazama usoni mara moja tu, muhuri huo. Wenzangu wanasubiri miezi. Mimi hata benchi halikupata joto.

Kwa hiyo futa ile habari ya kumhamishia mama kwako ghorofa ya nne. Najua ulisema kwa mapenzi, kwamba kama yadi haifungiki na mama anaendelea kutoka na kupotea, basi aje kwako kwenye mlango wa funguo mbili. Lakini mama bila mawaridi yake ya kumwagilia atakaa dirishani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Anabaki hapa. Soma taratibu nikueleze.

Ukuta niliujenga mwenyewe, kama ulivyoniagiza. Karatasi ya masharti uliyonitumia niliisoma pia, usidhani. Ilisema ukuta hadi mita mbili hauhitaji kibali. Nikasema hawa watu wana akili, nikapandisha mita mbili kamili, plasta laini kama shavu la mtoto. Kumbe hizo mita mbili ni za nyuma ya nyumba. Upande wa pili wa karatasi ndio uliosema kwamba ukuta unaopakana na barabara usizidi mita moja, ukizidi uombe kibali kwanza, na geti lisifungukie nje. Sasa dada, nani anageuza karatasi wakati upande wa kwanza umeshamfurahisha?

Basi jirani yetu, yule mstaafu aliyekuwa dereva wa mabasi ya shule, akaanza visa. Kila asubuhi akitoa kigari chake, anapiga honi. Tena si moja, tatu, ndefu. Nikambatiza Mzee Honi. Yeye akipiga honi, mimi napiga sufuria kwa mwiko, mama anacheka akidhani tumepata wageni. Siku moja akaja getini kuniuliza kama ule ukuta niliupima au niliuota. Nikamjibu kwamba aliyezoea kuendesha watoto asinifundishe tofali. Akasema haya mkubwa, ila ukuta wako umeimeza kona yangu. Nikaona ni wivu.

Wiki ileile akatokea mkaguzi wa majengo, mama mmoja mwenye buti za mvua na futi ya chuma. Nilimwambia ukuta umeota kidogo kwa sababu ya mvua. Akaniuliza kama na geti limegeukia nje kwa sababu ya mvua. Akaniachia barua ya siku ishirini na nane: nipunguze au niombe kibali, la sivyo watakuja kubomoa wenyewe. Nilijua nani amenichongea. Barua nikaisukuma nyuma ya kabati.

Sasa dada, kaa kwanza. Hili nimelizungukia tangu mstari wa kwanza.

Jumanne moja nilikuwa nyuma ya nyumba nachanganya saruji. Komeo la geti lilikuwa limelegea, na geti la kufungukia nje halitaki zaidi ya kusukumwa. Mama akalisukuma, akatoka na ndoo yake ya maua, akasimama barabarani palepale kwenye kona. Mzee Honi alikuwa anatoka. Yeye hamwoni mama, mama hamwoni yeye, katikati yao umesimama ukuta wangu. Kilichomwokoa mama ni kwamba mzee alikuwa anatambaa kama konokono huku akipiga honi zake tatu, kama alivyofanya kila siku tangu nijenge, kwa sababu alikuwa haoni kitu. Bampa iliibonyeza ndoo. Mama hakuguswa. Alimwambia tu mzee kwamba amechelewa kuja kumchukua.

Nilipofika, mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara kamshika mama mkono. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamwomba radhi, na ya sufuria pia. Nikamuuliza kwa nini alinichongea. Akasema mkaguzi hupita kila mtaa, na kwamba angetaka kunichongea angeanza na ile sufuria.

Kesho yake alikuja na miwani, tukaitoa barua nyuma ya kabati. Aliisoma pande zote mbili. Fomu alijaza yeye, mwandiko wangu unaujua. Nikabomoa mwenyewe, yeye kakaa ndani ya gari lake akiniambia toa jingine, toa jingine, mpaka akaiona barabara. Imebaki mita moja ya tofali, na juu yake nondo nilizochomelea, zenye nafasi ya mtu kuona lakini si ya mama kupita. Hizo nondo ndizo zilizohitaji kibali. Geti sasa linafungukia ndani, komeo jipya, refu. Mama mkaguzi alirudi, akalisukuma, akalivuta, akacheka.

Mama anamwagilia mawaridi yake na kusalimia kila apitaye kupitia nondo. Juzi aliuliza ile honi imekwenda wapi. Tangu hapo mzee humpigia moja, fupi.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na ukija tuletee ndoo mpya. Hii iliyobonyea mama haitaki, anasema si yake. Mzee Honi anakusalimu. Yeye ndiye aliyepeleka jalada, akakaa kwenye lile benchi siku tatu. Mimi halmashauri sijakanyaga, niliogopa. Ile bahati niliyoanza nayo haikuwepo, dada. Nilikudanganya.

Mdogo wako,
Fundi