Umri wa Mwende Kwenye Kadi

Tseikuru, Jumapili

Mwaitu,

Nakusalimu kwa heshima, mama yangu. Magoti yako yanaendeleaje na hiyo baridi ya Kilungu? Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo hauna raha.

Jumatatu, kwenye zahanati ninakofanya ukarani, mama mmoja alimleta mke wa mwanawe, mjamzito. Nilipomuuliza msichana umri, mama mkwe akajibu kabla yake: "Andika ishirini, karani. Ama unataka kumuoa?" Wanawake kwenye benchi wakacheka. Niliona haya, nikaandika ishirini. Gari la kwenda hospitali kubwa lilikuwa pale nje, lakini Sista, nesi wetu, alisoma kadi, akaona ni mtu mzima, akamwambia arudi nyumbani.

Alijifungua Alhamisi. Mtoto alikuwa kilo moja na nusu. Ndipo msichana akamwambia Sista kwamba ana miaka kumi na tano. Sista hakunigombeza. Alisema tu, "Huyu mwili wake bado unakua. Yeye na mtoto walikuwa wanagawana chakula kimoja. Ningejua, angepanda lile gari."

Mtoto hakufika siku ya nne, ile ya kupewa jina. Katika daftari nafasi ya jina iko wazi.

Tangu hapo nafunua kurasa za nyuma. Wako wasichana waliopata watoto wakubwa, wenye nguvu. Lakini wengi wa wale waliozaliwa na uzito mdogo ni wa wasichana, na wachache ni wa akina mama waliokwisha kuwa na wajukuu. Tena sijui ni umri gani humo ulio wa kweli.

Mwaitu, kadi ya ujauzito ya Mwende niliijaza mimi nilipokuja likizo. Ulisema niandike kumi na tisa ili wanawake wa kanisa wasiulize mambo ya shule. Dada yangu ana kumi na tano. Nilimbeba mgongoni mimi mwenyewe. Nilijua, na bado niliandika.

Nakuomba, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke mara upatapo barua hii, useme umri wake wa kweli. Asizalie nyumbani. Nampa dereva wa lori la mbuzi aiache Malili, dukani kwa mjomba, maana posta itachelewa.

Msalimie Susu, nyanya aliyenilea, umwambie sijadharau mikono yake ya ukunga. Mwende naye ale yale mayai, asiwawekee wageni.

Nesi akiuliza ni nani aliyedanganya, mwonyeshe mwandiko. Jina ni hili hapa chini.

Mwanao,
Musyoka